Kapu la Sista

Tupokigwe mwanangu,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako naisikia: unakoroma chumba cha pili kama baba yako, na kesho utakana. Mimi niko jikoni. Mvua yetu ya Lufingo haijakatika tangu mchana, na nimekaa karibu na makaa ili karatasi isilowe.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutomwamini kila anayekuita dada sitaziandika. Nimezisema wiki nzima mpaka ukawa unazimalizia wewe kabla sijafika mwisho. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukimenya ndizi. Nimeshtuka tangu wakati ule na mshtuko haujashuka. Leo nimekwenda kisimani, nimesalimiana na watu njiani, lakini ukiniuliza ni akina nani, sijui.

Ningekuambia kwa mdomo, ila nimejaribu mara mbili nikaishia kukuuliza kama umepaki sweta. Sweta la nini Unguja? Ukaniangalia ukacheka. Basi nimeona heri kalamu. Kinyakyusa chetu ni cha kusema, kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, na labda ni afadhali, kwani kuna maneno mama wa kwetu hamwambii mwanawe kwa lugha aliyomnyonyeshea.

Jana nilikuwa nakutania. Nilisema dunia ina ualimu, ina unesi, ina benki, na mwanangu amesoma miaka yote hiyo ili akapime moshi wa mifuko ya chakula kisiwani. Ukacheka, kisha ukanieleza. Ukasema kule karibu kila kinacholiwa kinavuka maji, na kinavuka kikiwa kimefungwa: unga, biskuti, maziwa, hata maji ya kunywa. Kifungashio kimetoa moshi kiwandani kabla hakijafika, meli imeongeza wake, na watu wakishakula hakuna pa kukitupa, kwa sababu nchi ni ndogo na pembeni ni bahari. Kinachomwa au kinafukiwa, na huko nako kinatoa gesi. Kazi yako ni kuufuata mfuko tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, uhesabu ulichotia hewani.

Nikakuuliza, kwani moshi si unaisha? Sikuuliza kwa utani. Umri wangu wote nilijua moshi unaisha. Hapa kwetu unapanda, unakutana na ukungu, jioni inanyesha na asubuhi mlima Rungwe uko palepale umeoshwa. Wewe ukasema moshi wa kuonekana ndio unaokwisha, lakini gesi inabaki juu, inazuia joto lisitoke, kama jani ninalofunikia chungu cha ndizi. Ukasema gesi ya mwanamke wa Lufingo na ya kiwanda cha Ulaya zinakaa juu ya kichwa kimoja.

Kila Jumamosi, Tupo, nilikuwa nachoma mifuko nyuma ya nyumba, narudi ndani nikiwa nimeridhika kwamba nimesafisha. Sasa unaniambia nilikuwa nainua tu uchafu kutoka chini kwenda juu.

Ndipo nikakuuliza lile swali. Nikasema, lakini kwa nini wewe, nani amekutuma? Wewe hukuinua uso. Kisu kiliendelea kumenya. Ukasema, "Mama, si mimi niliyemuua Sista?"

Ulilisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Nilicheka kwanza. Kisha nikakuangalia, nikaona hukuwa unatania, na zaidi ya hapo, nikaona ulidhani mimi najua. Ulidhani ni jambo ambalo sote nyumbani tunalijua, ila hatulisemi kwa kukuhurumia. Nikasema naenda kukata majani, nikakaa migombani mpaka baba yako akaja kunitafuta. Majani niliyoyakata yangetosha kufungia chakula cha harusi.

Sasa nisikilize, maana ulikuwa mdogo na mambo mengine huyakumbuki yalivyokuwa.

Unaikumbuka biashara yangu ya stendi. Ndizi za kupika, nyama kidogo siku za gulio, maharage siku nyingine, nafungia abiria wa mabasi. Zamani zile kila kitu kilifungwa kwa jani. Nalibabua motoni lilainike, naweka chakula, nakunja, nafunga kwa kamba ya mgomba. Abiria anakula, anaacha jani pale chini, na jani lile lina chumvi na mafuta. Ng'ombe hana anachokipenda kama hicho. Ndiyo maana kazi yako, tangu ulipoweza kubeba kapu, ilikuwa kuzunguka stendi kuyaokota majani yaliyoliwa ukamletee Sista. Jina lile alilipata kwa baba yako, kwa vile alikuwa mweusi na kichwa kimezungukwa na weupe, na baba yako akasema huyu ametoka misheni.

Hakuna mtu wa hapa aliyekuwa na ng'ombe akaacha majani yale yakapotea. Mama yangu kule Kisondela alinifundisha hivyo, naye alifundishwa. Kinachotoka mgombani kinarudi kwa ng'ombe, kinachotoka kwa ng'ombe kinarudi mgombani. Nilikuambia, mwaga kapu lote mbele yake, yeye mwenyewe atachagua. Hayo ni maneno yangu. Yaandike mahali.

Kisha zikaja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe ulizaliwa wakati sukari inapangiwa foleni na sabuni inakatwa vipande, kwa hiyo huwezi kujua ilikuwaje siku maduka ya mtaa wetu wa Bagamoyo yalipojaa. Tulikuwa tunakwenda kuangalia tu. Khanga, sahani za plastiki, biskuti za karatasi inayong'aa, na mabasi ya watu binafsi yakawa yanashindana kupiga honi. Bwana Athumani, yule ambaye babu yake alitoka pwani akaja kushona nguo hapa, alileta mifuko ya nailoni ya bluu. Alinipa mmoja bure. Nikaufua, nikauanika, nikautundika ukutani. Usinicheke. Nilikuwa sijawahi kuona kitu chepesi kiasi kile kinachoshika maji.

Baada ya muda abiria wakaanza kulikataa jani. Kijana mmoja aliyevaa suti ya mtumba aliniambia, mama, mimi nakwenda Dar es Salaam, nitashikaje jani kama naenda matangani? Wenzake wakacheka. Niliona aibu, mwanangu. Niliona aibu ya kitu ambacho mama yangu alikifanya bila aibu maisha yake yote. Kesho yake nilikuwa kwa Bwana Athumani.

Nilikuwa wa kwanza stendi nzima kufungia nailoni, na chakula kilikwisha kabla ya saa nne. Lakini mkono una mazoea yake. Mfuko niliujua, kuufunga kwa fundo lake mwenyewe sikukujua, nikawa nafunga mdomo wake kwa kamba ya mgomba, kama nilivyofunga jani. Wenzangu walipoanza nao walikunja tu au walipiga fundo. Kamba ya mgomba juu ya nailoni ilikuwa yangu peke yangu. Watu waliijua kama wanavyoujua mwandiko.

Wewe ukaendelea na kapu lako. Hakuna aliyekuambia uache. Stendi sasa ilikuwa na majani machache na nailoni nyingi, vyote vina chumvi, vyote vina kamba ya mgomba yenye harufu ya mgomba. Ukaokota ulichokuta, ukamwaga kapu lote mbele yake, yeye mwenyewe achague. Naye akachagua.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wewe hulijui na hakuna aliyeliona ila mimi. Asubuhi moja nilikwenda kukamua nikamkuta Sista anatafuna kitu cha bluu. Kilikuwa kinaning'inia mdomoni. Nilikivuta kikakatika, nusu akameza. Nilicheka. Nilikwenda stendi nikawasimulia wanawake wenzangu kwamba hata Sista sasa amekataa majani, anataka ya kisasa. Tulicheka wote. Nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Alipoanza kukonda nilisema ni minyoo. Tukampa dawa ya minyoo. Maziwa yakapungua, tumbo likajaa na yeye hali. Siku aliposhindwa kusimama baba yako alimwita jirani yetu Gwakisa akamwahi kwa kisu, angalau nyama isipotee. Watu wakaja, kama watu wanavyokuja. Walipopasua tumbo kubwa Gwakisa aliingiza mkono akasema kuna kitu humu. Akavuta. Kikaja kizima, bonge kama la nguo zilizokamuliwa, akaliweka juu ya majani akaanza kulifumua kwa ncha ya kisu. Mpaka leo nikifunga macho nasikia harufu ile. Ilikuwa nailoni juu ya nailoni, ya bluu, haijaoza hata kidogo, na ndani yake kamba za mgomba zilizofungwa kwa fundo langu.

Tupo, watu wote walilitazama lile fundo, kisha wakaanza kunitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nikawa natafuta pa kuyapeleka macho yao, popote pale, yasiwe kwangu.

Jana usiku nilimuuliza baba yako kama anakumbuka nilisema nini. Nilitumaini atasema sikusema kitu, kwa sababu mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka bonge, nakumbuka harufu, kisha nakumbuka niko ndani nimelala kitandani na viatu. Baba yako akasema, "Ulimnyooshea kidole mtoto. Ulisema mkono uliomlisha ndio huo."

Nikamuuliza wewe ulikuwa wapi. Akasema ulikuwa umesimama pale pale, na kapu.

Miaka yote hiyo baba yako alikuwa nalo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, akasema alidhani nalijua na ninaona uchungu kulitaja. Wewe ulidhani najua, yeye alidhani najua, na mimi niliyelisema ndiye pekee nyumba hii niliyekuwa nimelala usingizi mzuri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi nikaendelea na safari, na aliyeumia ni mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

Tangu jana usiku mambo yananijia moja moja, na kila moja linanishtua upya. Uliacha kunywa maziwa. Nilisema unadeka. Ulikuwa ukitoka shule unakuja na mifuko uliyookota njiani umeijaza mkobani pamoja na madaftari, na mimi nawaambia watu mwanangu msafi, hapendi takataka. Nilijisifia, Tupo. Nilijisifia mbele ya kanisa zima. Ulipochagua masomo yale ya mazingira nilisema ni akili zako tu. Hata juzi, ulipokula ndizi za kuchoma, ulilikunja lile jani vizuri ukalitia pembeni ya begi lako, na mimi nikaona ni mazoea ya watu wa chuo. Kumbe unabeba bado. Mtu mzima, una shahada, na bado unamwokotea majani ng'ombe aliyekufa.

Kwa hiyo naandika nilichokuja kuandika. Wewe hukumuua Sista. Mfuko niliuchagua mimi kwa kuona aibu ya jani. Kamba niliifunga mimi. Mwaga kapu lote nilisema mimi. Nilimwona anatafuna nikacheka. Na siku ya kuulizwa, nilimtanguliza mtoto. Ulichofanya wewe ni kutii. Kama kuna mahali unapata hesabu ya kosa lako katika hayo, basi hesabu ulizosomeshwa ni tofauti na zangu.

Samahani, mwanangu. Nimeliandika. Limeingia karatasini na sitalifuta.

Sikuzuii kwenda. Nenda. Lakini sitaki uende kama mtu anayetumikia kifungo. Kama kazi ile ni nzuri, ifanye kwa sababu ni nzuri na kwa sababu una akili ya kuifanya. Ukiichoka, iache, urudi, ufundishe watoto hesabu, na hakuna ng'ombe atakayefufuka wala kufa kwa ajili hiyo.

Na nikuombe kitu kimoja kwa ajili ya kazi yenyewe, si ushauri, ni ombi la muuza chakula. Kule bandarini kutakuwa na mwanamke anayefungia abiria chapati kwa nailoni. Usimwendee na kipimo chako kabla hujamsalimia. Muulize kwanza anasomesha nani. Wewe ada yako ya sekondari, sare zako, lile godoro la bweni ulilolililia, vyote vilitoka katika mifuko ya bluu. Usingekuwa na elimu ya kuulaumu mfuko kama mfuko usingekuwepo. Nimelizungusha jambo hili kichwani toka jana na bado linanipiga. Sijui la kufanya nalo, nakuachia wewe msomi.

Nilipotoka migombani jana nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba jani ni malaika na nailoni ni shetani, nikaja nikakuambia nitarudia majani. Ukaniambia, polepole, kana kwamba unaogopa kunivunja moyo, kwamba hata jani likifukiwa shimoni likakosa hewa linaoza na kutoa gesi, tena kali kuliko ya moshi. Na chakula kilichofungwa vibaya kikaharibika, nacho kina gesi yake, mara nyingine kupita ya mfuko ambao ungekiokoa. Nilikaa chini. Nikakuuliza, sasa mtu afanye nini? Ukasema ndiyo maana mnapima kwanza, kabla ya kusema. Hilo nimelipenda. Laiti ningepima kwanza siku ile.

Baba yako naye, ukimwona kesho ananyamaza, usidhani hana la kusema. Amekukatia mkungu mzima wa ndizi uende nao Unguja. Nimemwambia huko meli zinaleta ndizi. Amesema hazitakuwa zetu. Pokea mbele yake hata kama utaziacha Dar es Salaam kwa shangazi yako. Mwambie asante kwa lugha yetu, "ndaga fijo", umtazame usoni. Hilo linamtosha.

Barua hii nitaiweka katika chakula chako cha njiani, chini kabisa, uifikie ukiwa umeshashiba na basi limeshapita mbali, usije ukashuka. Nimekufungia ndizi zetu za mbalaga na vipande vya kuku, kwa jani nililolibabua mwenyewe, na kamba ya mgomba. Fundo ni lile lile. Mkono wangu haujui jingine.

Ukimaliza kula, Tupo, usilikunje. Usilitie begini. Basi likisimama, shuka, tafuta mahali penye udongo, liweke hapo uliache. Kama lina gesi yake, ihesabu katika ile yangu. Huku nyumbani hakuna ng'ombe anayelingoja.

Mama yako,
Lufingo.